Safu ya Wasomaji: Pete ya Uchumba, Pete ya Ndoa na Kidole Chenyewe

Waswahili walishasema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda cha mkono upi, kiwe na unene gani, wala pete ikigoma kutoka kifanyweje. Hayo ndiyo mliyotuuliza. Barua tumezifupisha na majina tumeyahifadhi.

SWALI: Mimi najua pete ya ndoa ni mkono wa kushoto. Mchumba wangu ni Mkristo wa Kiorthodoksi, na kwao wanavaa kulia. Mama mkwe mtarajiwa kaniambia nikivaa kushoto ndoa haitadumu. Nishike lipi? (Bibi harusi mtarajiwa)

JIBU: Dada, mkosi haupo. Kuna desturi, na desturi zenyewe hazielewani. Urusi, Ukraine, Bulgaria, Ugiriki, Poland, Ujerumani, Austria na Norwei, wengi huvaa pete ya ndoa kulia. Uingereza, Marekani, Ufaransa na Italia huvaa kushoto. Hispania wengi huvaa kulia, lakini ukifika Catalonia unakuta kushoto. Hapo hujavuka hata mpaka wa nchi.

Sababu inayotajwa sana ya kuvaa kushoto ni ule mshipa unaodaiwa kutoka kidole cha nne moja kwa moja hadi moyoni. Dai hilo ni la kale: mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius alilieleza katika karne ya 2, akisema Wamisri waliopasua maiti waliukuta mshipa huo. Madaktari wa leo wanajua kwamba vidole vyote vina mishipa ya aina moja na hakuna chenye njia yake ya peke yake. Uingereza yenyewe zamani ilikuwa ikivisha mkono wa kulia. Kitabu cha sala cha mwaka 1549 ndicho kilichoandika kushoto. Sababu yenye mashiko zaidi ni ya kawaida kabisa: watu wengi hutumia mkono wa kulia kwa kazi, kwa hiyo pete iliyo kushoto haigongwi sana, na kidole cha nne kimekingwa na jirani zake pande zote mbili.

Sasa, kwa upande wako. Ibada ya ndoa ya Kiorthodoksi huanza na sehemu ya uchumba, ambamo padri hubariki pete na kuzivisha mkono wa kulia. Katika mapokeo ya Kigiriki msimamizi huzibadilishana baina ya maharusi mara tatu. Hilo ni sehemu ya ibada, si mapambo, kwa hiyo kama mnafunga ndoa huko, toa mkono wa kulia bila mjadala. Baada ya hapo ni makubaliano yenu wawili. Ila ukitaka kuihamishia kushoto, jua jambo moja ambalo mama mkwe hakukuambia: vidole vya mkono unaoutumia zaidi huwa vinene kidogo, mara nyingi kwa nusu saizi. Pete iliyopimwa kulia inaweza kupwaya kushoto.

Na usije ukamsoma mtu hali yake kwa kidole. Ujerumani wachumba wengi huvaa kushoto kisha wakioana huhamia kulia. Brazili ni kinyume: wote wawili huvaa pete nyembamba isiyo na kito kulia wakati wa uchumba, na siku ya ndoa inahamia kushoto. Katika ndoa ya Kiyahudi pete, ambayo ni ya madini ya thamani ya aina moja na haina kito wala matundu, huvishwa kwanza kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Na India wanawake wengi walioolewa huvaa pete za fedha kwenye kidole cha pili cha mguu. Ukitafuta pete mkononi utadhani hajaolewa.

SWALI: Nataka kumvisha mchumba wangu pete kwa kumshtukiza. Nitajuaje saizi bila yeye kugundua? Na nikikosea? (Kaka wa siri)

JIBU: Siri nyingi za namna hii huharibikia hapa. Kaka, watu hukosea kwa sababu wanakadiria kwa macho, na macho hayana milimita.

Njia bora ni kuazima kwa dakika tano pete anayoivaa kidole kile kile, mkono ule ule. Pete ya kidole cha kati au ya mkono mwingine haikusaidii. Ilaze juu ya karatasi, chora duara la ndani kwa penseli iliyochongwa vizuri, rudia mara tatu, kisha pima kipenyo kwa rula. Njia nyingine ni kuikandamiza kwenye kipande cha sabuni laini ili iache alama, halafu ukampelekea sonara sabuni hiyo. Ifute pete vizuri kabla ya kuirudisha, maana ikinukia sabuni siri imeisha.

Kama mnapima wazi, msitumie uzi. Uzi hurefuka ukivutwa na huzama kwenye nyama. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 10 hivi, uzungushe kwenye shina la kidole, weka alama inapokutana, kisha pima urefu huo. Huo ndio mzingo. Ukiugawanya kwa 3.14 unapata kipenyo. Mfano: mzingo wa milimita 54.4 ni kipenyo cha milimita 17.3, ambayo ni saizi 7 ya Marekani. Kwenye mfumo wa kimataifa saizi ni mzingo wenyewe kwa milimita, kwa hiyo hapo utaambiwa 54. Kosa la milimita moja tu kwenye mzingo linakaribia nusu saizi nzima; ndiyo maana tunasema pima mara tatu, na kwa siku tofauti.

Wakati wa kupima una uzito wake. Kidole huvimba kwenye joto, baada ya mazoezi, baada ya chakula chenye chumvi nyingi na asubuhi ukitoka kulala. Husinyaa kwenye baridi. Pima alasiri au jioni, mwili ukiwa umetulia na mkono una joto la kawaida.

Kisha angalia kifundo. Kuna watu kifundo chao ni kinene kuliko shina la kidole: pete inayopita kifundo inazunguka ovyo ikifika chini, na inayokaa vizuri chini haipiti. Pima sehemu zote mbili na chukua kipimo cha katikati. Sonara anaweza kuongeza vishanga viwili vidogo vya dhahabu upande wa ndani, chini ya pete, ili isizunguke. Hiyo ni kazi ndogo na inafanya maajabu.

Upana wa pete nao huhesabika. Pete ya milimita 2 au 3 huingia kwa kipimo ulichopata. Ikifika milimita 6 na kuendelea hubana eneo kubwa zaidi la ngozi, kwa hiyo ongeza robo hadi nusu saizi.

Pete iliyokaa sawa huingia kwa kuzungushwa kidogo kwenye kifundo na hutoka kwa ubishi. Nyama ikijikunja juu na chini yake, inabana. Ikiteleza ukitikisa mkono wenye maji baridi, itakuja kupotea.

Ukiwa na mashaka, nunua kubwa kidogo: kupunguza kwa kawaida ni rahisi kuliko kuongeza. Lakini kabla ya kulipa muulize sonara kama pete hiyo inaweza kubadilishwa saizi. Dhahabu, fedha na platinamu hukatwa na kuunganishwa, kwa kawaida kwa saizi moja au mbili. Pete yenye vito kuizunguka yote haina pa kukatwa. Tungsteni na kauri hazibadilishwi kabisa, na titani huwatoa jasho mafundi wengi.

SWALI: Siku ya harusi pete ya uchumba inakaa wapi? Na baadaye ipi inatangulia kidoleni? (Matroni)

JIBU: Asubuhi ya harusi bibi harusi huihamishia mkono mwingine, ili kidole kibaki kitupu cha kupokea pete ya ndoa. Baada ya ibada pete ya ndoa inakaa ndani, karibu na kiganja, na ya uchumba inarudi juu yake. Huo ndio mpangilio unaofuatwa na wengi kwenye nchi za mkono wa kushoto, nao hufafanuliwa kwamba ya ndoa ikae karibu na moyo. Wengine huiacha ya uchumba mkono wa pili moja kwa moja, na hakuna adabu inayovunjwa.

Tahadhari ya kifundi: pete mbili zinazokaa pamoja husagana. Ikiwa moja ni ya karati 18 na nyingine ya karati 9, ile laini zaidi ndiyo itakayoliwa. Nunueni za madini na karati zinazolingana, au muombe sonara azichomelee ziwe kitu kimoja, mkishakuwa na uhakika wa saizi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu na nimeambiwa dhahabu kwa mwanamume haifai. Dukani wananishawishi dhahabu nyeupe, eti hiyo si dhahabu. Ni kweli? (Bwana harusi)

JIBU: Waalaykum salaam. Si kweli, na muuzaji anayekwambia hivyo ama hajui ama anataka kuuza. Dhahabu nyeupe ni dhahabu ya kawaida iliyochanganywa na madini meupe kama nikeli au paladi, kisha mara nyingi ikapakwa madini meupe ya rodi juu ili ing'ae. Ikigongwa mhuri 750, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi, sawasawa na ile ya njano ya karati 18. Rangi haibadilishi hukumu.

Kilichokubalika kwa wanaume ni fedha. Platinamu ni madini mengine kabisa, na wanazuoni wengi wa sasa wanairuhusu, ingawa wako wanaoiepuka. Muulize sheikh wako. Mhuri wake huwa 950.

Na kumbuka kuwa pete si nguzo ya nikahi. Panapokuwa na ijabu na kabuli (kutoa na kukubali ndoa), walii na mashahidi, ndoa imefungwa hata kama pete imesahaulika nyumbani. Imepokewa katika hadithi kwamba mtu aliyekosa mahari aliambiwa atafute hata pete ya chuma. Pale pete ilitajwa kama mahari. Wakati wa udhu izungushe au ivue, maji yafike chini yake.

SWALI: Ni lazima pete ya uchumba iwe ya almasi? Na hii habari ya mishahara miwili au mitatu imetoka wapi? (Mwenye mshahara mmoja)

JIBU: Imetoka kwenye matangazo. Kampuni ya De Beers, iliyokuwa imeshika biashara ya almasi, ilianza kutumia mwishoni mwa miaka ya 1940 kaulimbiu ya kwamba almasi ni ya milele. Baadaye, katika miaka ya 1980, matangazo yake Marekani yakawauliza wanaume kwa nini wasitumie mishahara ya miezi miwili. Watu wakadhani ni mila. Ni kweli kwamba Maximilian wa Austria alimpa Mary wa Burgundy pete ya almasi mwaka 1477, lakini kwa karne kadhaa baada ya hapo lilikuwa jambo la majumba ya wafalme na matajiri.

Kwa hiyo si lazima. Swali la maana zaidi ni hili: kito kitavumilia maisha ya kila siku? Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10 na yakuti, nyekundu kwa bluu, ni 9. Hizo unazivaa bila wasiwasi. Zumaridi ni 7.5 hadi 8 lakini ina nyufa za asili, nyingi zikiwa zimejazwa mafuta, hivyo hupasuka ikigongwa. Lulu ni laini sana, kiasi cha 2.5, na jasho na manukato huimaliza. Lulu ni nzuri masikioni. Kidoleni, kwa mtu anayefua na kupika, haitafika mbali.

SWALI: Nimeteuliwa kuwa msimamizi wa bwana harusi na nitashika pete. Nifanye nini nisiharibu? (Bestimeni mwoga)

JIBU: Uoga wako ni mtaji, kaka. Siku moja kabla, zipokee pete zote mbili na wajaribishe wenyewe mbele yako, na kila pete ivuke kifundo. Angalia ipi ni ya nani, maana zikifanana watu huzibadilisha kanisani. Ya mwanaume kwa kawaida ndiyo kubwa. Ziweke mfuko wa ndani wa koti, mfuko usio na kitu kingine. Ukizichanganya na funguo na simu utavuta funguo kwanza mbele ya watu wote.

Kama mtoto ndiye anayebeba mto, usimfungie pete halisi. Kwenye mto funga pete za bandia kwa utepe, halisi zibaki kwako. Mkitaka lazima ziwe halisi, fundo liwe la upinde unaofunguka kwa kuvuta ncha moja. Mafundo magumu ndiyo yanayosimamisha ibada huku padri na bibi harusi wakitafuta mkasi.

Kosa la kawaida wakati wa kuvishana ni anayevalisha kusukuma kwa nguvu huku anayevalishwa amekaza vidole. Wafundishe hivi: anayevalishwa ananyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, vidole vimelegea na kutawanyika. Anayevalisha anakishika kidole kwa chini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaingiza pete huku akiizungusha kidogo kushoto na kulia. Ikikwama kwenye kifundo, isishindiliwe: aiache hapo, amalizie maneno yake, na mwenye kidole aisogeze mwenyewe kimyakimya. Vidole huvimba kwa joto na wasiwasi, hasa mtu akiwa amesimama mikono imening'inia. Maji baridi mikononi nusu saa kabla husaidia. Bibi harusi mwenye glavu aivue mapema na kumpa matroni.

Pete ikidondoka, asijongee mtu hata mmoja. Nguo ndefu ikiburuzwa ndiyo huipeleka chini ya viti. Ni wewe tu unayeinama. Na kwa Wakatoliki na Waanglikana, kinachofunga ndoa ni ridhaa na ahadi, si pete, kwa hiyo hata ikipotea kabisa ibada inaweza kuendelea kwa pete ya kuazima.

SWALI: Pete yangu ya ndoa ina miaka kumi na minane kidoleni na sasa haitoki. Nimejaribu sabuni, wapi. Nakaribia upasuaji mdogo na hospitali wanataka niivue. (Mama wa watoto wanne)

JIBU: Mama, hospitali wako sahihi. Chumba cha upasuaji hutumika umeme kukata na kuziba mishipa, na chuma kinaweza kuunguza ngozi. Zaidi ya hapo mikono huvimba baada ya upasuaji na pete inakuwa kamba ya kunyongea kidole. Fanya hivi siku kadhaa kabla, si asubuhi ile.

Kwanza inua mkono juu ya usawa wa moyo kwa dakika 10, kisha utie kwenye maji baridi dakika 5. Paka mafuta ya kula au sabuni ya maji chini na juu ya pete. Usiivute moja kwa moja. Izungushe, huku mkono wa pili ukirudisha ngozi nyuma kuelekea kiganjani. Watu wengi wanaosema wamejaribu sabuni huwa walivuta tu, na kuvuta hukusanya ngozi mbele ya pete kama zulia mlangoni.

Ikigoma, tumia uzi. Chukua uzi laini na imara, au ule wa kusafishia meno, wa urefu wa mita moja. Pitisha ncha moja chini ya pete, ielekee kiganjani, kwa kutumia kipini butu. Ule urefu mwingine, ulio upande wa ukucha, uviringishe kidoleni ukianzia kwenye pete yenyewe: mizunguko ibanane bila kuacha nafasi, hadi uvuke kifundo. Uzi unakandamiza uvimbe. Sasa shika ile ncha iliyo upande wa kiganja na uanze kuufungua kwa kuuzungusha kuelekea kwenye ukucha. Kila mzunguko unaofunguka unaisukuma pete hatua moja mbele. Inauma kidogo kwenye kifundo. Usiache uzi umebana kwa zaidi ya dakika chache.

Kidole kikiwa kimegeuka rangi ya bluu au cheupe, kimekufa ganzi, kina kidonda au kimevunjika, usijaribu lolote kati ya haya. Nenda hospitali mara moja. Pete ya dhahabu au fedha hukatwa kwa kisu maalumu chenye gurudumu dogo, na sonara huiunganisha baadaye kana kwamba haikuwahi kukatwa. Ya tungsteni haikatiki kwa kisu hicho. Hupasuliwa kwa koleo la kufungia, kidogo kidogo, macho yakiwa yamefunikwa. Kazi hiyo waachie wanaoijua.

Tukiwa hapo, neno kwa mafundi magari, wajenzi na wanaoruka kutoka kwenye malori: pete ikinasa kwenye msumari au ukingo wa bodi huku uzito wa mwili ukivuta, inachuna ngozi yote ya kidole, na mara nyingine kidole chenyewe. Kazini ivueni. Kuna pete za silikoni zinazokatika zikinaswa. Mafundi umeme nao wavue, kwa sababu chuma kinapitisha umeme na kinaunguza.

SWALI: Chini ya pete pananiwasha na ngozi imekuwa nyekundu. Dada yangu naye kidole chake kinakuwa cha kijani. Ni pete za bandia? (Msomaji wa kila toleo)

JIBU: Si lazima, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kijani ni shaba. Dhahabu ya karati 9 ina dhahabu asilimia 37.5 tu, iliyobaki ni fedha, shaba na madini mengine, na shaba ikikutana na jasho huacha rangi. Haina madhara, hutoka kwa sabuni. Karati 18 haifanyi hivyo mara nyingi.

Wekundu na mwasho una sababu mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni sabuni na unyevu vilivyonaswa chini ya pete kila unapoosha vyombo. Ivue wiki moja au mbili, osha na kausha vizuri, utapona bila kununua kitu. Ya pili ni mzio wa nikeli, na dalili yake ni kwamba unawashwa pia chini ya saa, kwenye hereni za bei rahisi au kifungo cha suruali. Dhahabu nyeupe inaweza kukukalia vizuri mwaka mzima kisha ikaanza kukuwasha: ile rodi ya juu imelika na nikeli sasa inagusa ngozi. Sonara hupaka upya, au unahamia platinamu.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, dakika 20 hadi 40 za kuloweka, kisha mswaki laini, hasa chini ya kito ambako mafuta ya mwili hukusanyika. Ziba tundu la sinki kabla hujaanza. Dawa ya meno inakwaruza dhahabu. Dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe na maji ya bwawa la kuogelea yana klorini, ambayo hudhoofisha kucha zinazoshika kito hadi zikakatika bila dalili. Kila miezi sita itikise pete sikioni: ukisikia mlio mdogo, kito kimelegea. Usiivae tena hadi ionwe na sonara.

SWALI: Uchumba umevunjika. Yeye anataka pete yake, mimi nasema nilipewa. Nani mwenye haki? (Aliyeachwa)

JIBU: Pole, dada. Kisheria inategemea ulipo. Uingereza, sheria ya mwaka 1970 inaichukulia pete ya uchumba kuwa zawadi kamili, yako, isipokuwa aliyetoa athibitishe kwamba aliitoa kwa sharti la kurudishwa. Majimbo mengi ya Marekani yana mtazamo wa pili: pete ni zawadi yenye sharti la ndoa, ndoa isipofungwa inarudi. Mahakama ya juu ya Massachusetts iliamua mwaka 2024 kwamba irudi bila hata kuuliza nani alikosa, ikaacha msimamo wake wa mwaka 1959 ambao uliangalia mkosaji.

Kiadabu tunasimama hivi: pete ya urithi, iliyokuwa ya bibi yake au mama yake, irudishe kwa vyovyote vile. Nyingine, kama wewe ndiye uliyevunja, irudishe. Kama yeye ndiye aliyevunja, hana sura ya kuidai. Ukirudisha, rudisha mbele ya shahidi au kwa maandishi, na usiitume kwa mtoto.

SWALI: Mume wangu amefariki. Niivue lini? (Mjane)

JIBU: Pole sana, mama. Hakuna siku iliyowekwa, na wa kuipanga ni wewe, si ndugu. Wajane wengi huendelea kuivaa miaka. Wengine huihamishia mkono wa pili, au huining'iniza kwenye mkufu pamoja na ya mume. Sonara anaweza kuziunganisha pete mbili ziwe moja, ila mwambie aoneshe mchoro kwanza, kwani kilichoyeyushwa hakirudi, na maandishi ya ndani yatapotea. Yapige picha kabla. Ukija kuolewa tena, pete ya zamani hutoka kwenye kidole kile kabla mpya haijaingia.

SWALI: Mtu akiwa na pete mpya, naweza kuomba niijaribu? (Mpenda vito)

JIBU: Usiombe. Mshike mkono, itazame ikiwa kidoleni kwake, mpe hongera. Akiivua mwenyewe na kukupa, iangalie kiganjani mwako, usiivae, kwa sababu wako wanaoamini pete ya uchumba haipaswi kuingia kidole kingine, na pia kwa sababu kifundo chako huenda ni kinene kuliko chake. Bei usiulize.